Mchele wa Tarehe Mosi Oktoba

Kila mwaka ifikapo tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, sharika zetu nyingi huenda kwenye makazi ya wazee. Ninajua tunachobeba maana orodha hiyo nimeiandika mwenyewe mara tatu: mchele, sukari, sabuni za miche, mafuta ya kupikia, khanga, na mwaka mmoja tulipopata mfadhili, nepi za watu wazima. Tunakodi Coaster. Kwaya inaimba nyimbo mbili, mchungaji anaongoza ibada fupi, mwenyekiti wa akina mama anakabidhi zawadi, picha zinapigwa, na mapema tunaondoka ili giza lisitukute porini. Jumapili inayofuata taarifa inasomwa kanisani na watu wanapiga makofi.

Naandika makala hii kuipinga safari hiyo. Sisemi wazee wasipelekewe mchele, maana tumbo la mzee linahitaji mchele kama langu na lako. Ninachosema ni kwamba safari hiyo, jinsi tunavyoifanya, imekuwa mlango wa nyuma wa kuikimbia Amri ya Nne, na wachungaji tumeushika mlango wazi ili watu wapite.

Amri ya Nne, kwa hesabu yetu Walutheri, ndiyo ile ya kumheshimu baba na mama. Baadhi ya ndugu zetu wa madhehebu mengine huihesabu ya tano, na sina ugomvi nao, ilimradi waitii. Kila kijana aliyepita kwenye darasa la Kipaimara ameikariri na maelezo yake. Katika Katekisimo Kubwa Luther alikwenda mbali zaidi: alifundisha kwamba wazazi, hata wakiwa maskini, dhaifu, wenye tabia za kuudhi, bado ni baba na mama waliotolewa na Mungu, na udhaifu wao hauwapunguzii heshima hiyo. Hakuna mahali aliposema kwamba heshima hiyo inaweza kupelekwa kwa Coaster mara moja kwa mwaka, tena kwa wazazi wa watu wengine.

Nayajua maneno mtakayonijibu. Hao wazee hawana ndugu. Ndivyo tunavyoambizana kwenye gari tukienda, na kwa baadhi yao ni kweli. Wapo waliokuja nchini kama vibarua wa mashamba ya mkonge, wakazeekea hapa bila mke wala mtoto. Wapo waliougua ukoma ujanani, na makazi ndiyo kijiji pekee walichobaki nacho. Kwa hao, makazi ni nyumba, na Mungu awabariki wanaowahudumia. Lakini kaa na wazee kumi wa Ipuli kule Tabora, au Kolandoto Shinyanga, au Bukumbi Mwanza, au Nunge pale Kigamboni, uwaulize taratibu, bila kamera: una mtoto? Una mpwa? Una mdogo wako aliye hai? Yuko wapi? Utashangaa ni wangapi watakutajia kijiji, na jina la mwenyekiti wa kijiji, na mti ulio mbele ya nyumba.

Serikali yenyewe haikusudii makazi yawe mahali pa kumsahau mtu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema familia ndiyo msingi wa matunzo ya mzee, na makazi ni hatua ya mwisho pale njia nyingine zote zikishindikana. Ni aibu kwamba karatasi ya serikali inaielewa Amri ya Nne kuliko baraza la wazee wa kanisa.

Sisi Walutheri tuna mazoea ya kujenga nyumba za namna hii, na si mazoea mabaya. Lutindi, kule milima ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, kisha mwaka 1904 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo iko chini ya Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki. Waliokuja kuianzisha walitoka katika misheni ya Bethel, Ujerumani, watu walioamini kwamba mgonjwa asiyetakiwa na mtu anatakiwa na Mungu. Najivunia urithi huo. Lakini urithi huo umetulemaza mahali fulani. Tukiona nyumba imejengwa na kuna mtu mwenye mshahara anayepika uji, tunaona kazi imekwisha, wakati uji ni sehemu ndogo tu ya kile mama anachostahili.

Sasa niseme habari yangu, maana bila hiyo makala hii itakuwa mahubiri ya kuwapiga wengine.

Mama yangu mkubwa, dada wa marehemu mama, aliishi Kakese tangu alipoolewa. Nilipokuwa shule ya msingi nilikaa kwake miaka minne. Yeye ndiye aliyenifundisha kupalilia mpunga nikiwa ndani ya maji mpaka magotini na kutambua ndege wanaokula mbegu kwa sauti tu. Mume wake alipofariki aliachiwa majaruba yaliyoko mbugani, hayakuwa makubwa, lakini yalikuwa na maji mazuri. Hakuwa na mtoto aliye hai.

Nikiwa chuo cha theolojia nilipigiwa simu. Kijiji kilikuwa kimewaita lambalamba, wale waganga ambao wengine huwaita kamchape, waje kusafisha uchawi. Kila kaya ilichanga. Ndugu msomaji, nataka ulisome hilo polepole: kila kaya ilichanga, na miongoni mwa kaya hizo zilikuwamo za washarika wetu, watu wanaokiri Imani ya Mitume kila Jumapili. Mtoto wa jirani alikuwa amekufa kwa homa. Lambalamba walizunguka na ngoma zao wakasimama kwenye mlango wa mama mkubwa. Macho yake yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu tangu mimi mtoto, kwa sababu alipika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka hamsini. Huku kwetu, na kule Shinyanga na Mwanza na Tabora, akina mama wazee wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya moshi wa jiko. Sina neno lingine la kulieleza.

Hakuuawa. Mtu mmoja, tena hakuwa wa kanisa letu, alimficha ghalani, na usiku akampeleka Mpanda mjini kwa baiskeli. Akalala jikoni kwa watu miezi kadhaa, hadi ustawi wa jamii wakampatia nafasi kwenye makazi ya wazee Tabora. Makazi hayo yalimwokoa maisha. Nawaheshimu wahudumu wake, na sitaruhusu mtu atumie maneno yangu kuwasema vibaya.

Majaruba yake yalichukuliwa na mtoto wa shemeji yake. Huyu ni msharika, mtu mchapakazi, anakaa benchi la tatu upande wa wanaume. Kila sikukuu ya mavuno huleta magunia mawili ya mpunga madhabahuni, na mimi nikiwa na joho langu nimeyaombea baraka. Kabla ya kuandika haya nilimwendea, kwanza peke yangu, halafu pamoja na wazee wawili, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo sura ya 18. Anajua ninaandika, na jina lake halitatoka kinywani mwangu.

Nilipopangiwa kuhudumu huku nyumbani, nilipendekeza kwamba safari yetu ya Oktoba iende Tabora. Washarika waliona ni moyo wa huruma. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona mama mkubwa bila mtu kujua kwamba namwona. Tulifika, akina mama wakapita wakisalimia, wachache waliomtambua wakainamisha macho, nami nikampa mkono na kusema, "Shikamoo mama," kama ninavyomwambia mama yeyote. Akaitika, "Marahaba, Mchungaji." Aliniita Mchungaji. Alikuwa amenielewa.

Mwaka wa tatu alichota mchele kiganjani kutoka kwenye gunia letu, akaunusa. Akasema, "Huu ni supa wa kwetu. Umetoka jaruba la nani?"

Nikamjibu kwamba umetoka kwa washarika.

Gunia lile lilikuwa na alama ya wino wa bluu ambayo mtoto wa shemeji yake huweka kwenye magunia yake yote. Mama mkubwa alikuwa analetewa sadaka kutoka shamba lake mwenyewe, na sisi tukapigiwa makofi. Bwana wetu aliwahi kukutana na biashara ya namna hii. Katika Marko sura ya 7 anawakemea watu waliokuwa wakisema kwamba kile ambacho kingemsaidia baba au mama kimekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, Korbani, na hivyo hawawajibiki tena. Nimelihubiri fungu hilo mara nyingi nikiwanyooshea kidole Mafarisayo. Kumbe Korbani ilikuwa imerundikwa ofisini kwangu, magunia mawili, yakisubiri mashine ya kukoboa.

Februari iliyopita nikaomba ruhusa ya kumleta nyumbani kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu.

Niwaambie ilivyo, maana wengi hudhani haiwezekani. Afisa Mfawidhi wa makazi aliniuliza maswali mengi, na alifanya vizuri kuuliza: nani atalala naye chumba kimoja, zahanati iko umbali gani, je, kuna mtu atakayemdhuru. Nilikuwa nimeongea na mwenyekiti wa mtaa na polisi kata kabla ya kwenda. Kumwita mtu mchawi ni kosa la jinai, tangu Sheria ya Uchawi ilipotungwa mwaka 1928 wakati wa Mwingereza, nayo ingali ipo, Sura ya 18. Mwenyekiti alisema hatakubali ujinga katika eneo lake. Nikasaini. Nikapewa dawa zake za presha kwenye bahasha, zimeandikwa asubuhi na jioni. Zamani tulisingizia barabara. Siku hizi lami imetoka Tabora, ikapita Sikonge na Inyonga mpaka Mpanda, na ile safari ya kulala njiani masika imekwisha. Kisingizio hicho tukizike.

Ijumaa jioni tulifika Kakese. Mke wangu alikuwa amepika ugali, mlenda na migebuka. Alikula kidogo sana, akasema chumvi imezidi, na ndivyo alivyosema kuhusu kila chakula tangu nilipokuwa na miaka minane. Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Usiku haukuwa mzuri. Choo chetu ni cha shimo na magoti yake hayachuchumai tena. Tulitoboa kiti cha mbao tukakiweka juu ya tundu, kazi ambayo ningeweza kuifanya mwezi mzima uliotangulia na sikuifikiria. Saa nane alilowesha godoro, akaona aibu, akataka kulifua mwenyewe gizani. Mke wangu alilala naye akimshika mkono. Jumamosi asubuhi alikaa chini ya mwembe akitazama njia, na hakuna aliyekuja hadi saa nne, alipokuja jirani yetu Mwislamu, mama wa makamo, na chupa ya maziwa. Akapiga goti, akasema, "Shikamoo bibi, karibu nyumbani." Wakaongea juu ya mvua. Wazee wangu wa kanisa, ambao wote niliwapigia simu, walikuwa na shughuli.

Mchana nilimpeleka mbugani kwa pikipiki ya matairi matatu. Mpunga ulikuwa kijani, maji yamejaa. Aliomba ashuke. Akasimama kwenye tuta la jaruba lake, akaniambia miche imebanana mno na upande wa juu maji hayafiki kwa sababu mfereji umeziba. Hakusema neno juu ya nani amepanda. Mtu aliyekuwa akipalilia mbali kidogo aliacha jembe, akaondoka bila kusalimia.

Jioni ile alianza kulia. Akasema, "Nirudishe nyumbani." Nikamwambia, mama mkubwa, hapa ndipo nyumbani. Akasema hapana, nyumbani ni Tabora, kuna mwenzake wa kitanda cha pili ambaye haoni, na hakuna atakayemwambia uji umefika.

Naandika hili makusudi, kwa sababu najua wapo watakaosema: umeona, Mchungaji, umemvuruga tu, wazee waachwe walikozoea. Nimeifikiria hoja hiyo kuliko zote. Jibu langu ni kwamba alilia kwa sababu tulimwacha miaka kumi na moja mpaka kipofu wa kitanda cha pili akawa ndugu yake wa karibu kuliko mimi. Machozi yale ni deni letu, na deni halifutwi kwa kuacha kumtembelea mdai. Tena asubuhi yake, alipoamka, aliuliza kanisa linaanza saa ngapi.

Sasa naja kwenye Jumapili, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wangu wasifunge kitabu.

Aliketi benchi la pili, upande wa akina mama. Benchi hilo hukaa watu sita. Siku hiyo walikaa wawili, yeye na mke wangu. Ilikuwa Jumapili ya Ushirika Mtakatifu. Watu walikuja mbele kwa makundi kama kawaida, na kwa kuwa hawezi kupiga magoti tukamwekea kiti mwisho wa mstari, mkono wangu wa kulia. Nikawapa mkate. Nilipokishika kikombe na kuanza kwake, niliona watu watatu waliokuwa wamepiga magoti kando yake wanainuka. Hawakutoka nje. Walirudi kwenye mabenchi yao, wakasubiri kundi lililofuata, ndipo wakaja wakanywa.

Kikombe kilikuwa kile kile. Divai ilikuwa ile ile. Nilipangusa ukingo kwa kitambaa kama ninavyopangusa kwa kila mtu. Waliona kwamba kikipita kwenye midomo ya watu wengine kumi, ule uchawi utakuwa umekwisha.

Sikusema kitu siku hiyo. Nilimaliza liturgia, nikatoa baraka, nikasimama mlangoni nikawapa mikono hao watatu kama wengine. Ninaona haya kwa ukimya huo kuliko hata kwa miaka ile ya Coaster, na ndiyo maana nimekubali kuandika kwenye kitabu hiki nilipoombwa, badala ya ile mada ya utoaji niliyopewa kwanza.

Ndugu zangu, hatuwezi kuamini vyote viwili. Ama damu ya Kristo imo katika kikombe kile, pamoja na divai, kwa ajili ya ondoleo la dhambi, kama tunavyofundisha Walutheri kwa ukali kiasi cha kugombana na Wakristo wenzetu karne tano, ama macho mekundu ya bibi wa miaka themanini yana nguvu ya kuiharibu damu hiyo. Anayerudi kwenye benchi amekwisha kuchagua. Na asije akajifariji kwamba hiyo ni mila tu. Niseme na jambo ambalo hatulisemi kwenye sikukuu ya Matengenezo: Luther mwenyewe hakuwa safi katika suala hili. Mwaka 1526 alihubiri kule Wittenberg kwamba wachawi wastahili kuuawa, na Ulaya ya Kilutheri, kama ile ya Kikatoliki, ikachoma akina mama maskini na wajane kwa karne nzima na zaidi baada yake. Tulimpokea Luther kwa sababu ya Injili aliyoifukua. Hatukumpokea pamoja na kuni zake.

Yule mtu wa Wagerasi katika Marko sura ya 5 alikaa makaburini, watu wa kijiji wakamzoea huko. Pengine walimpelekea chakula pia. Alipopona akavaa nguo akaketi na akili zake timamu, hapo ndipo waliposhikwa na hofu, wakamsihi Yesu aondoke kwao. Mgonjwa akiwa makaburini hatusumbui. Naye akaomba amfuate Yesu, akakataliwa, akaagizwa aende kwao, kwa watu wa nyumbani mwake. Hebu jiulize aliingiaje kijijini siku ile, na nani alimpa maji ya kunywa.

Wapo watakaosema nyumba zao ni ndogo. Yangu ina vyumba vitatu na watoto wanne. Wengine wataogopa mzee asije akafia mikononi mwao, majirani wakaanza maneno. Watu hufa, wapendwa, na kufia kwa mwanao si msiba mkubwa kuliko kufia wodini huku mwanao akiwa na afya njema na shamba lako. Kuna hofu moja tu ninayoiheshimu, nayo ni ya panga. Kama kijijini kwako mzee atadhuriwa, usimlete kwa ushujaa wa bure. Nenda wewe kwake, ukakae siku mbili, umuogeshe, ule naye, ulale mji ule ule, usirudi jioni na Coaster. Kisha rudi kijijini kwako, uanze kazi ya kuwaripoti wanaoita lambalamba, hata kama ni wazee wa kanisa. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani na ni mbaya kuliko asiyeamini. Nilikuwa nikidhani ametia chumvi. Yule mama Mwislamu na chupa yake ya maziwa amenifundisha kwamba Paulo alipima maneno yake.

Jumatatu nilimrudisha. Njiani alilala karibu safari yote. Kwenye daftari la makazi kuna sehemu ya kuandika uhusiano wa anayemrejesha mzee, nami niliandika mtoto. Afisa akanitazama, akatazama kurasa za nyuma ambako nilikuwa nimeandika "Mchungaji, KKKT" mara tatu. Hakuuliza. Yule mwenzake asiyeona alikuwa amekaa mlangoni.

Magunia mawili ya mavuno sijayapokea mwaka huu. Nimemwambia mwenye kuyaleta ayauze, fedha iwekwe kwa jina la mama mkubwa, na suala la majaruba liende baraza la ardhi la kata. Bado hajanijibu, na Jumapili mbili hajaonekana kanisani. Wapo wanaosema nimempoteza msharika mzuri. Nao wanaweza kuwa wanasema kweli, lakini hawajaniuliza hata siku moja nani alimpoteza yule mama.

Safari ya Oktoba mwaka huu nimeliomba baraza la wazee lisiipange. Fedha ya Coaster itosha nauli za wazee watano kuja na kurudi, pamoja na mtu mmoja wa kumsindikiza kila mzee. Nimeanza kuandika majina ya wazee wenye ndugu katika usharika huu walioko kwenye makazi au waliotelekezwa mjini. Hadi sasa ni saba, na wawili kati yao ni wazazi wa watu walioko kwenye baraza hilo hilo. Ruhusa ya pili ya mama mkubwa ni Juni, mpunga ukishavunwa. Atakaa siku nne. Kile kiti cha mbao kiko stoo ya kanisa, anayekihitaji kwa mzee wake aje akichukue.